Mkwe Asiyetazamwa

Arusha,
11 Agosti 2025

Kwa Bi. Kisa,
Ikombe.

Mugonile.

Hunijui, kwa hiyo nianze kwa kujitambulisha. Naitwa Daktari Lucy Mwaikenda, daktari wa magonjwa ya akili. Nilizaliwa Bondeni, Kyela mjini, na ingawa nimeishi mbali miaka mingi, wali wa kwetu bado naujua kwa harufu kabla sufuria halijafunuliwa.

Mahakama inayosikiliza kesi za uhalifu wa kivita imeteua madaktari watatu wampime baba mkwe wako, mzee Amon, nami ni mmoja wao. Waendesha mashtaka wanasema Amon si jina lake. Wanasema miaka thelathini iliyopita, wakati wa vita nchini kwao, alikuwa mkuu wa wilaya, na ndiye aliyeamuru watu waliokimbilia ghala la kahawa wafungiwe humo na kuchomwa moto. Yeye anasema hakumbuki. Hakumbuki ghala, hakumbuki vita, hakumbuki hata Ikombe alikoishi na kuzaa. Tangu akamatwe mwezi wa pili, anasema hamjui mtu yeyote.

Kazi yetu si kusema kama alifanya au hakufanya. Sisi tunatakiwa kusema kama akili yake bado ipo, kama anaweza kusimama mbele ya majaji na kuelewa anachoulizwa. Tukisema imekwenda, kesi itasimama na huenda akarudishwa kwenu amalizie siku zake. Tukisema ipo, kesi itaanza, na wachache walionusurika ghalani watakuja kusema mbele yake. Majibu yetu yanatakiwa kabla ya Krismasi.

Mume wako, Asajile, ameshatoa maelezo kupitia kwa wakili. Mama mkwe wako, Mama Marta, nimeambiwa hasomi. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Hairuhusiwi tuzungumze kwa simu, kila kitu kiwe kwa maandishi na saini. Naomba unieleze mzee alivyoishi nyumbani, na kama alianza kusahau, ilikuwa lini na ilionekanaje.

Ni mimi,
Dkt. Lucy Mwaikenda


Ikombe,
24 Agosti 2025

Mama Daktari,

Shikamoo, na ndaga kwa salamu. Barua yako imeletwa na mwinjilisti kwa mtumbwi kutoka Matema. Imelowa pembe moja lakini inasomeka. Tatizo amenikabidhi mbele za watu, na mpaka jioni kijiji kilikuwa kimeshanihukumu na kunifunga.

Wewe ni wa Bondeni na mimi ni wa Mbugani, kwa hiyo hatuna haja ya kufundishana mila. Unajua mwanamke wa kwetu hamtazami baba mkwe. Hakai naye chumba kimoja, hali naye, na wakikutana njiani anapita pembeni na kujifunika mpaka mzee apite, na mzee naye anageukia upande wa pili. Siku hizi huko mjini wamelegeza, wanapiga picha na wakwe zao kwenye harusi wakiwa wamekumbatiana. Nyumba hii haijalegeza. Na aliyekaza si mama mkwe aliyezaliwa hapa hapa kando ya ziwa, ni mzee mwenyewe, mtu wa kuja. Siku Asajile aliponileta alisema nje, nikiwa ndani nasikia, kwamba hapa mila itafuatwa yote.

Na kweli ilifuatwa. Yeye ni fundi seremala, basi alinitobolea mlango wa nyuma niwe napita na vyungu kwenda ziwani bila kukatiza uwanja. Akitaka kutoka ndani anakohoa kwanza, nami najiondoa. Ni miaka sita nimekaa naye hivyo, nikamzalia mjukuu, Winnie, na sauti yake naijua kuliko ya baba yangu. Uso wake niliuona kwa mara ya kwanza mwezi wa pili, kwenye simu ya Asajile, ile picha ya polisi. Nilishtuka nikaifunika simu na kanga, kana kwamba ananiona.

Kusahau kulianza mwaka jana, wakati wa kuvuna mpunga. Alikuwa anapotea njia ya kanisani, na alikuwa akimwita Asajile kwa majina ya watu wengine.

Mama Daktari, nakuomba. Mama Marta hajafinyanga chungu hata kimoja tangu wamchukue, anakaa tu mlangoni. Kanisani benchi letu tunakaa peke yetu siku hizi. Huyu mtu ndiye aliyelitengeneza lile benchi. Kama amesahau, amesahau, mrudisheni afie kwake.

Wako,
Kisa, mke wa Asajile


Arusha,
8 Septemba 2025

Kisa,

Ndaga fijo kwa barua. Nimeisoma mara nyingi, na nakiri nimecheka pale kwenye simu, kisha nikaona haifai kucheka.

Nina swali moja, na nalileta kwa upole. Umeniambia humtazami mzee, hukai naye, hupiti anapopita. Halafu unaniambia anapotea njia ya kanisani. Nani aliyemwona akipotea?

Katika kazi hii nimejifunza kwamba familia husema uongo kwa sababu inapenda, na sijawahi kuichukia familia kwa hilo. Lakini uongo wa kupenda ukiingia kwenye ripoti yangu, unaweza kumgeukia yule yule unayempenda. Niandikie ulichokiona na kukisikia wewe, hata kama ni kidogo.

Mama Marta ameruhusiwa kumtembelea mwezi ujao, na wewe umeruhusiwa kumsindikiza. Mimi sitakuwepo siku hiyo, taratibu zinanikataza.

Dkt. Lucy


Ikombe,
19 Oktoba 2025

Mama Daktari,

Shikamoo. Umenikamata. Yale ya njia ya kanisani aliniambia Asajile niyaandike. Yafute. Mimi sikuona kitu na sikusikia kitu. Mpaka asubuhi waliyomchukua, alikuwa anakohoa na kutoka kama siku zote.

Lakini sasa nina jambo nililoliona kwa macho yangu, wala sikuambiwa na mtu.

Tulifika huko Arusha anakozuiliwa mzee tukiwa tumechoka sana, mama alitapika tangu Iringa. Mzee alikuwa amekaa barazani, kwenye kiti cha magurudumu, blanketi mapajani. Mimi nilibaki nyuma ya ukuta na askari, kama inavyotakiwa, mama akaenda peke yake. Nikamsikia mama akimsalimia kwa Kikisi, lugha waliyokuwa wanaongea siku zote. Mzee akamjibu kwa Kiswahili, tena kwa adabu ya mtu anayeongea na mgeni: "Karibu, mama. Umekuja kumwona nani?"

Nilisikia mama amekaa chini kwa kishindo. Askari akaniambia, wewe, njoo umshike mwenzako. Nikaita, "Mama, ninakuja," nikakimbia. Nilikuwa na kapu mikono miwili, sikuwahi hata kuvuta kanga usoni. Mama Daktari, nilipokata kona nilikuta mzee ameshageuza kiti kuelekea ukutani na amejifunika blanketi kichwa kizima. Alikaa hivyo muda wote nikimnyanyua mama. Tulipoondoka, tukiwa tumeshapita kona, nilimsikia akikohoa mara moja.

Nililia njia nzima, na sikuwa nalia kwa huzuni tu.

Nakuomba uliandike hili kwa herufi kubwa. Amemsahau mke wake, amemsahau mwanawe, hata jina lake halijui. Lakini kumheshimu mkwe wake hakusahau. Wanasema heshima si utumwa, na mzee huyu heshima imemkaa mpaka kwenye mifupa. Niambie wewe uliyesoma: mtu wa namna hiyo ndiye wa kufungia watu ghalani?

Wako,
Kisa


Arusha,
27 Oktoba 2025

Kisa,

Barua yako imefika. Nimekaa nayo siku nzima bila kufanya kazi nyingine.

Naomba unijibu kwa uangalifu mkubwa kuliko ulivyowahi kunijibu. Kabla hujatokeza pale barazani, kuna mtu yeyote aliyetaja jina lako, au aliyemwambia mzee kwamba mkwe wake yupo? Nataka pia kujua kama palikuwa na wanawake wengine wa umri wako, na kama nao aliwageuzia mgongo.

Kwa nini nauliza, siwezi kukuambia sasa. Sipendi kukuficha, lakini nikikuambia, jibu lako halitakuwa jibu tena.

Dkt. Lucy


Ikombe,
5 Novemba 2025

Mama Daktari,

Nakujibu kama ulivyotaka, japo barua yako imenitia baridi.

Jina langu halikutajwa. Askari aliniita "wewe", na mama hakupata nafasi ya kusema chochote kuhusu mimi. Nilichosema ni yale maneno mawili ya kumwita mama.

Wanawake walikuwepo. Muuguzi aliyekuwa anamlisha uji ni msichana, sidhani kama ananizidi hata mwaka. Kabla sijajificha nyuma ya ukuta nilimwona mzee mara moja akimtazama usoni na kufungua mdomo kama mtoto, na hata utani alikuwa anamtania, nilisikia akimwambia uji wake hauna sukari. Akapita mwingine na ndoo, naye hakumgeuzia mgongo. Aliyegeuziwa mgongo ni mimi tu.

Nimeshajibu. Sasa nimeanza kuogopa na sijui naogopa nini. Asajile ameniuliza huwa tunaandikiana nini wewe na mimi, nikamwambia nakusimulia wema wa mzee. Ni kweli ndicho nilichokifanya. Au sicho?

Kisa


Arusha, kwa mkono,
17 Novemba 2025

Daktari Mwaikenda,

Leo shikamoo haitoki, unisamehe.

Wakili amenisomea ripoti yako ya awali. Umeandika kwamba mtu asiyemjua mke wake aliyelala naye zaidi ya robo karne hawezi kumjua mkwe wake kwa sauti tu, akiwa bado nyuma ya ukuta. Umeandika kwamba baba yangu anaigiza. Na ushahidi wako ni barua ya mke wangu, aliyekuandikia kwa moyo mweupe akidhani anamtetea. Ulimchimba taratibu kama anayechimba udongo wa ufinyanzi, naye akawa anakuchekea.

Mimi nimezaliwa mikononi mwa mzee huyu. Aliyenifundisha kutoiba ni yeye. Siku niliyorudi na samaki wa wavu wa mtu mwingine, alinipeleka kwa mwenyewe nikapiga magoti. Nyie mnanionyesha karatasi za nchi ambayo sijawahi kuikanyaga na mnataka niamini karatasi. Damu nzito kuliko maji, Daktari, na mimi sina damu nyingine upande huo.

Kugeuka kwake ni mazoea. Mkono wa fundi hausahau randa hata fundi akisahau nyumba. Wenzako wawili wamesema hivyo hivyo, wewe peke yako ndiye unayeng'ang'ania. Basi nataka jambo moja, na wakili ameshaliomba rasmi: Kisa aingie tena, mbele yenu nyote watatu. Mtaona wenyewe. Atamtazama kama anavyomtazama yule muuguzi, kwa sababu hamjui ni nani.

Mimi nimekodi chumba hapa Arusha, na kibali cha kumwona baba ninacho. Usimwandikie tena mke wangu.

Asajile


Arusha,
20 Novemba 2025

Kisa,

Mume wako ameniomba nisikuandikie. Mahakama imeniagiza nikuandikie, kwa sababu ni lazima uitwe kwa barua. Kwa hiyo naandika, na nitasema na yangu.

Utakuwa umeshasikia nilichokifanya na barua zako. Uliniletea wema wa mzee, nami nikauona upande wa pili wake. Sikukudanganya, lakini nilikuacha utembee gizani nikiwa na taa mkononi, na hilo linaniuma. Nilikuwa mtoto Bondeni nilipomwona shangazi yangu akiruka mfereji na mzigo wa ndizi kichwani ili asikutane na mkwe wake. Nisingekuwa wa kwetu, barua yako ningeipita kama kisa cha kugusa moyo. Nilishindwa kujifanya sijui.

Mahakama imekubali ombi la mume wako. Jaribio ni tarehe 2 Desemba. Utaingia barazani kama ulivyoingia mara ya kwanza, sisi tutakuwa pembeni. Hulazimishwi. Ukikataa, hakuna atakayekufanya chochote, na nitaandika kwamba umekataa, basi. Sitakuambia natarajia kuona nini, na tafadhali usijaribu kukisia kutoka kwenye mwandiko wangu.

Dkt. Lucy Mwaikenda


Ikombe,
25 Novemba 2025

Daktari,

Nitakuja.

Siji kwa ajili yako. Nakuja kurekebisha nilichomharibia mzee wa watu. Nimekuwa nikiomba Mungu kila siku tangu Asajile anipigie simu, na ombi langu ungelisikia ungesema nimerukwa na akili: naomba baba mkwe anitazame. Naomba asinijue. Mwanamke gani wa kwetu amewahi kuomba kitu hicho?

Na usiniite tena mtu wa kwenu.

Kisa


Arusha,
4 Desemba 2025

Kisa,

Juzi uliondoka bila kuaga, na sikukulaumu. Ulipata ulichokiomba. Alikutazama, akakuuliza unamtafuta nani. Wenzangu wamefunga mafaili yao. Wanasema hamjui mkwe wake, na ya Oktoba yalikuwa mazoea ya mwili. Wameshaandika kwamba hawezi kushtakiwa. Imebaki saini yangu, na mwisho ni tarehe 15.

Mimi kalamu imenigomea, nami nitakueleza kwa nini, maana sasa hakuna tena la kukuficha. Mume wako alisema kugeuka kwa mzee ni mazoea ya mwili, na hapo hapo akasema safari hii hatageuka. Hayo mawili hayakai chungu kimoja. Mazoea ya mwili hayana akili ya kujua kwamba wiki hii yanatazamwa. Kama mwili wake uligeuka Oktoba bila yeye kutaka, ulipaswa kugeuka tena juzi, kwa sauti ile ile na miguu ile ile. Ungegeuka, ningesaini pamoja na wenzangu siku hiyo hiyo. Ndicho nilichokuwa nakisubiri.

Haukugeuka. Kwa hiyo ama ugonjwa umemla zaidi katika wiki hizi sita, jambo ambalo hutokea na siwezi kulikataa, ama kuna mtu aliyemwambia asigeuke. Mazungumzo ya familia hayarekodiwi. Askari anakaa mbali. Hakuna wa kuniambia isipokuwa mtu aliyelala chumba kimoja na mume wako usiku wa tarehe mosi.

Kama hakuna aliyemwambia, niandikie neno moja, hakuna, nami nitasaini na mzee atarudi Ikombe. Nitakuamini. Kama yupo, najua ninachokuomba, na najua nani atakayelipa. Unaweza pia usijibu.

Watu saba walitoka hai ghalani. Wanne bado wapo. Nimeambiwa nisikuandikie hilo, lakini nimeandika.

Lucy


Mbugani, Kyela mjini,
11 Desemba 2025

Mama Daktari,

Shikamoo. Uone hapo juu nilipo, usije ukatuma barua nyingine Ikombe. Niko na Winnie kwa baba yangu.

Nilitaka kuandika hakuna. Nililiandika kabisa, kwenye karatasi nyingine, nikalitia kwenye bahasha na kulikabidhi kwa mwinjilisti. Alipokuwa anapanda mtumbwini nikamfuata ndani ya maji na nguo zangu, nikamnyang'anya. Watu wamecheka sana Ikombe.

Sasa sikiliza. Jioni ya tarehe mosi Asajile alirudi kutoka kwa mzee akaagiza chakula, akala chote. Tangu mwezi wa pili sijamwona mume wangu akimaliza sahani. Nikafurahi. Aliponawa mikono akaniambia, "Kesho usijifunike. Mzee yuko tayari."

Nikamuuliza yuko tayari kwa nini. Akanitazama kama mtu aliyejikwaa. Halafu akasema, "Atakutazama, Kisa. Nimemweleza. Inabidi akutazame." Nikamuuliza, umemweleza nani, mtu asiyejua kitu? Alizima taa, na mimi sikuuliza tena, kwa sababu nilikuwa naogopa kujibiwa. Bado nilitaka mzee awe mgonjwa. Nilijiambia labda amemweleza tu kama mtu anavyomweleza mtoto mchanga.

Asubuhi nikaingia. Mlikuwa mmekaa upande wa maua, mlimwona usoni. Mlichokiona ni mzee mpole akimtazama msichana na kumuuliza, "Binti, umepotea? Unamtafuta nani?" Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake kabisa, na kutoka hapo niliona mkono wake wa kushoto, ule ulio upande wa ukuta. Ulikuwa umeshika ncha ya blanketi. Niliporudia "Mama, ninakuja" kama mlivyonifundisha, mkono ule uliikunja blanketi mpaka vidole vikawa vyeupe. Ukabaki hapo. Ulitaka kuivuta, akauzuia. Na macho yake hayakuwa yananiuliza mimi ni nani. Yalikuwa yananipima kama nimeamini.

Mama Daktari, niliona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Miaka sita nimemkwepa mtu huyu njiani. Nimepita na vyungu kichwani mlango wa nyuma, mvua inanyesha, nikiwa na mimba ya miezi minane, ili nisimtazame. Nilidhani namheshimu. Kumbe nilikuwa namfichia uso, mimi na kanga yangu, na yeye ndiye aliyeagiza. Nyumba gani nyingine hapa duniani ingempa mtu anayetafutwa mkwe wa kutomtazama usoni kwa hiari yake, tena mkwe huyo akashukuru? Halafu siku heshima ile ilipokuwa inamtia hatarini, aliiweka chini mara moja, kama mtu anavyoweka gunia lisilo lake.

Nikawafikiria wale wa ghalani. Kabla ya hapo sikuwahi kuwafikiria, nakwambia ukweli. Walikuwa hadithi ya mahakama. Lakini niliposimama pale nikitazamwa na macho yale, nilijua kuna watu walioyaona kabla yangu, mlango ukiwa unafungwa.

Nilimwambia Asajile, tuliyerudi naye Ikombe, kwamba nitakujibu. Nilidhani atanipiga, ingawa hajawahi. Siku ya tatu akabeba sanduku langu mwenyewe mpaka mtumbwini, akamnyanyua Winnie akambusu. Aliniambia anajua alichokifanya, na angekifanya tena, kwa sababu ni baba yake. Simchukii. Wakimfunga kwa kumfundisha mshtakiwa au kwa lolote mtakaloliita, nitampelekea chakula. Lakini neno hakuna siwezi kuliandika.

Nilikwenda kumuaga Mama Marta nikiwa sina uso wa kumtazama. Alikuwa ameketi mlangoni kama kawaida. Nilijua atanilaani. Alinishika mkono akaniketisha, akasema, "Mwanangu, mimi nilijua tangu aliponiuliza nimekuja kumwona nani. Mtu aliyesahau hana adabu nyingi kiasi kile." Halafu akaniambia niondoke maji yakiwa bado yametulia. Sijui kama alinisamehe. Sijui kama nilimkosea.

Basi andika. Andika kwamba mwezi wa kumi aligeuka bila kuambiwa na mtu, na mwezi wa kumi na mbili aliambiwa na mwanawe asigeuke, na akaweza. Andika kwamba amesema hayo Kisa, mke wa Asajile, mkwe wake, akiwa na akili timamu. Usinifiche jina, nimechoka na kuficha. Anajua mimi ni nani, na anajua vizuri sana yeye ni nani.

Kesi ikianza mniite. Wale wanne wakimaliza kusema nitasema na mimi, nikiwa nimesimama mbele yake. Kanga nitaifunga kiunoni, na safari hii mimi ndiye nitakayemtazama.

Kisa